Projesteroni: kuanza mapema si kujihami

*Shikamoo daktari. Nina miaka 36, mkazi wa Tanga mjini. Mirija yangu yote miwili imeziba, kwa hiyo mwaka jana mimi na mume wangu tulikwenda kupandikiza mimba Dar es Salaam. Nilichomwa sindano za kukuza mayai, yakatolewa, na kesho yake jioni ndipo nikaanza vidonge vya projesteroni vya kuweka ukeni. Kiinitete, yaani yai lililokwisha kurutubishwa na kuanza kukua, kikarudishwa siku ya tano. Nikarejea Tanga kwa basi, na siku hiyo nikakosa dozi mbili. Siku ya tisa tangu kurudishiwa nikaona damu, nikaacha dawa, na kipimo kikaonyesha hakuna mimba. Mwenzangu niliyekuwa naye kliniki alianza dawa jioni ileile ya kutolewa mayai, na leo ana mtoto. Je, mimi nilichelewa? Tuna viinitete viwili vimegandishwa. Safari hii nimepewa vidonge vya estrojeni kwanza, na projesteroni nimeandikiwa siku na saa kamili ya kuanza. Nilikuwa nafikiria nitangulie siku moja au mbili ili kizazi kikae tayari. Tena tarehe zinaangukia ndani ya Ramadhani, na mama mkwe anasisitiza ninywe kwanza dawa ya chango. Na hizi dawa natakiwa nizitumie mpaka lini?*

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa yaliyokupata. Maswali yako ni mengi, lakini chini yake nasikia moja: unajilaumu. Tangu mwaka jana umeibeba ile jioni moja na zile dozi mbili za safarini, ukiamini ndizo zilizoiponza mimba. Basi nianze na jibu, maelezo yafuate. Mara ya kwanza hukuchelewa. Safari hii usitangulie, hata kwa siku moja. Najua majibu haya yanaonekana kupingana, kwamba kule jioni moja haikuwa na neno na huku siku moja ni jambo kubwa. Dawa ni ileile, lakini kazi inayofanya katika mizunguko hii miwili haifanani.

Tazama kwanza mwezi wa kawaida wa mwanamke asiyetumia dawa yoyote. Nusu ya kwanza ya mzunguko, estrojeni inaujenga ukuta wa ndani wa kizazi, unanenepa. Yai likishatoka, kifuko lilimokuwa hakipotei. Kinageuka kuwa tezi ndogo ya manjano, na tezi hiyo ndiyo inayomwaga projesteroni. Watu wengi, hata wahudumu wengine wa afya, hudhani projesteroni inanenepesha ukuta. Sivyo. Inaubadilisha ukuta uliokwisha kunenepa: vitezi vyake vinaanza kutoa majimaji yenye lishe, mishipa ya damu inajisokota na kukomaa, misuli ya kizazi inatulia, na baada ya siku kadhaa ukuta unakuwa tayari kupokea kiinitete. Utayari huo una mwanzo na una mwisho. Mimba nyingi hujishika kati ya siku ya nane na ya kumi tangu yai kutoka. Kabla ya hapo ukuta haujafunguka, na baada ya hapo unaanza kufunga.

Mimba isipotunga, ile tezi ya manjano huishi kama siku 14, ikasinyaa, projesteroni ikashuka, na hedhi ikaja. Ikitunga, homoni ya mimba, ileile inayopimwa kwenye mkojo, huiamuru tezi iendelee na kazi mpaka kondo la nyuma liweze kujitegemea. Tezi hiyo ndiyo mlezi wa mimba katika wiki za mwanzo.

Sasa turudi kwako mwaka jana. Ulichomwa sindano, vifuko vingi vikakua kwa pamoja, na kila kimoja kilichotolewa yai kikageuka tezi. Badala ya tezi moja ukawa nazo nyingi. Mtu angedhani projesteroni ingefurika, na kweli siku za kwanza hufurika. Tatizo linaanzia hapohapo. Ubongo ukizihisi homoni hizo zimejaa kupita kiasi, unakata ile amri inayotoka kwenye tezi ya chini ya ubongo, ambayo ndiyo huzihudumia tezi za manjano. Zikikosa amri, zinakufa kabla ya wakati, na projesteroni inaporomoka pengine kiinitete hakijajishika sawasawa. Hata Robert Edwards na Patrick Steptoe, walioanzisha upandikizaji huu Uingereza, walikwama hapo katika miaka ya 1970: wanawake waliochomwa sindano za kukuza mayai walipata hedhi mapema. Wakaziacha sindano, wakafuata yai moja la mzunguko wa asili, na kwa njia hiyo akazaliwa Louise Brown tarehe 25 Julai 1978 mjini Oldham. Sisi leo hatuziachi sindano. Tunaziba pengo kwa projesteroni ya dukani.

Kwa kuwa siku za mwanzo mwili wako mwenyewe unaimwaga kwa wingi, mlango wa kuanzia ni mpana. Chama cha wataalamu wa uzazi cha Ulaya, ESHRE, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, kinasema dawa ianze kati ya jioni ya siku ya kutolewa mayai na siku ya tatu baada yake. Mwenzako alianza mwanzoni mwa kipindi hicho, wewe ulianza katikati. Nyote wawili mlikuwa sahihi. Matatizo huonekana nje ya kipindi hicho: walioanzishiwa kabla ya mayai kutolewa, na waliocheleweshwa mpaka siku ya sita, matokeo yao yalikuwa mabaya zaidi. Wewe hukuwa huku wala kule.

Na zile dozi mbili? Sikwambii kukosa dozi ni sawa. Lakini projesteroni inayowekwa ukeni hupenya moja kwa moja na kujikusanya kwenye kizazi, hata ikipimwa kwenye damu ikaonekana kidogo, kwa hiyo haiishi kizazini kwa nusu siku. Na wakati ule tezi zako mwenyewe zilikuwa bado zinachangia. Dozi mbili siku ile haziwezi kubeba lawama hii. Wala basi halina hatia. Tafiti zilizolinganisha wanawake waliolala kitandani baada ya kurudishiwa kiinitete na walioinuka wakaenda zao hazikuona faida yoyote ya kulala. Kutoka Dar hadi Tanga kupita Chalinze na Segera ni kama kilomita 350 za kuchosha mgongo, lakini kiinitete hakidondoki kwa matuta.

Jambo moja tu ndilo ninalokusahihisha: uliacha dawa ulipoona damu, kabla ya kipimo. Usirudie. Damu katika wiki hizi mbili haisomeki kirahisi. Kuna matone ya mwanzo wa mimba, kuna mchubuko wa kidonge au wa kifaa cha kukiingizia, na wapo wanaotokwa na damu kabisa wakazaa. Vilevile kutoona damu si habari njema kwa lazima, maana projesteroni yenyewe huizuia hedhi isije. Matiti kuuma, usingizi, tumbo kujaa, choo kigumu, hizo zote ni tabia za dawa kabla ya kuwa dalili za mimba. Kinachoamua ni kipimo cha damu siku uliyopangiwa, kwa kawaida siku ya tisa hadi ya kumi na nne baada ya kurudishiwa, kutegemea kliniki. Mpaka hapo dawa inaendelea.

Basi kwa nini haikushika? Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote iko ndani ya kiinitete chenyewe. Katika umri wa miaka 36, zaidi ya theluthi ya viinitete vinavyofika siku ya tano huwa na hesabu mbovu ya kromosomu, zile nyuzi zinazobeba urithi, hata vikionekana vizuri kwenye darubini. Vingi vya namna hiyo havijishiki, au vinajishika vikaachia. Hakuna saa ya projesteroni inayoweza kukiponya kiinitete cha aina hiyo.

Ila kuna jambo hukuniuliza, nami silipiti kimya. Umesema mirija imeziba. Imezibia wapi, na ina maji? Mrija ukiziba mwishoni, upande wa karibu na ovari, huweza kujaa majimaji ukavimba, na majimaji hayo hurudi nyuma kuingia kizazini. Mrija wa namna hiyo hupunguza uwezekano wa upandikizaji kushika karibu kwa nusu, na dawa zote za homoni haziuzibi upungufu huo. Tiba ni kuuondoa mrija au kuubana pale unapoungana na kizazi, kabla ya kurudisha kiinitete. Itafute ile picha ya eksirei ya mirija uliyopigwa, iulize kliniki yako waziwazi: "Mirija yangu ina maji?" Pengine walishaangalia, na kama hakuna maji, moyo utulie. Lakini ikiwa hakuna aliyeangalia, ningependa uahirishe mzunguko huu kuliko kubishana na tarehe za Ramadhani. Viinitete vyako viko kwenye naitrojeni ya maji kwa nyuzi 196 chini ya sifuri. Havizeeki kwa kusubiri miezi michache.

Sasa tuje kwenye mzunguko wa safari hii, ambao ndio unaonitia wasiwasi zaidi kwa sababu ya hilo wazo lako la kutangulia.

Umepewa estrojeni kwanza. Ikitumika kwa kipimo hicho, ovari zako zinatulia, haliivi yai, na kwa hiyo haitakuwepo tezi ya manjano hata moja. Projesteroni yote itakayofika kizazini mwako ni ile utakayoiweka kwa mkono wako. Hapa dawa haizibi pengo tena. Ndiyo yenyewe saa. Siku unayoweka kidonge cha kwanza, ukuta wa kizazi unahesabu kwamba yai limetoka leo, na kuanzia hapo unakua kwa ratiba yake hauulizi mtu. Kiinitete chako kiligandishwa kikiwa na umri wa siku tano. Kwa hiyo kliniki nyingi hukirudisha baada ya siku tano kamili za projesteroni, ili umri wa ukuta na umri wa kiinitete ulingane. Kingegandishwa kikiwa cha siku tatu, kingerudishwa baada ya siku tatu.

Ukitangulia siku mbili, siku ya kurudishiwa ukuta wako utakuwa na siku saba na mgeni wake ana tano. Ni kama kukanda maandazi: unga ukishatiwa hamira, haukungoji wewe uwe tayari. Ukiuanza usiku kwa kuwa unapenda kujiandaa, asubuhi umeumuka ukapitiliza, na chachu yake utaionja. Kizazi hakikai tayari kwa kuanzishwa mapema. Kinapitwa na utayari wake. Na ubaya wa kosa hili ni kwamba halionekani. Utafika Dar, ultrasaundi itaonyesha ukuta mzuri, daktari atarudisha kiinitete kwa imani kwamba ulianza siku aliyokuandikia, na hakuna atakayejua kilichotokea isipokuwa wewe.

Ikitokea umekosea, kwa kutangulia au kwa kuchelewa, piga simu kliniki siku hiyohiyo. Usione haya. Mara nyingi wanaweza kusogeza siku ya kurudisha ili hesabu ikae sawa, na ikishindikana wanaufuta mzunguko na kuanza upya mwezi unaofuata. Kuufuta kunaudhi, na nauli imeshaliwa, lakini kiinitete kinabaki salama. Kukirudisha kwenye ukuta usiolingana nacho ni kukipoteza.

Usielewe pia kwamba dakika ndiyo inayoamua. Ukiandikiwa saa mbili usiku ukaweka saa tatu, hakuna kilichoharibika. Tunachokilinda ni siku, na ndani ya siku, mpangilio usiyumbe. Lakini soma saa yako vizuri. Karatasi nyingi za kliniki huchapwa kwa saa za kompyuta. Nimeona "8:00" ikasomwa saa nane mchana na mtu aliyezoea saa zetu, kumbe ni saa mbili. Mwambie nesi akuandikie kwa mkono, kwa Kiswahili, asubuhi au usiku, na jina la siku ya wiki.

Huku nyuma, kwenye estrojeni, ndiko kuna nafasi ya kupumua. Hatua hii huchukua kama wiki mbili, lakini ikihitajika inaweza kurefushwa bila madhara makubwa. Tunangoja ukuta ufikie angalau milimita 7 hivi, na tunahakikisha hakuna yai lililoponyoka likatoka lenyewe. Kwa hiyo kama kuna dharura ya familia au fedha haijatimia, sema kabla ya kuanza projesteroni. Baada ya kuianza, ratiba imefungwa. Ile ultrasaundi ya kupima ukuta, kliniki nyingi hukubali ifanyike hapa Tanga kwa mtaalamu anayejua kupima kwa njia ya ukeni, ukatuma picha na majibu. Uliza, utaokoa safari moja.

Utasikia pia habari ya kipimo cha kukata kinyama cha ukuta wa kizazi ili kujua saa yako binafsi ya utayari. Ni ghali. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2022 haukuona kwamba wanawake waliopangiwa muda kwa kipimo hicho walijifungua zaidi ya waliofuata ratiba ya kawaida. Kwa mtu aliyeshindwa mara moja tu kama wewe, fedha hiyo ningeipeleka kwenye lile swali la mirija.

Je, ilikuwa lazima kutumia njia hii ya vidonge? Kama hedhi yako inakuja kwa mpangilio, ipo njia nyingine: kuufuata mzunguko wako wa asili, kungoja yai litoke lenyewe, na kurudisha kiinitete siku tano au zaidi kidogo baadaye. Faida yake ni kwamba tezi ya manjano inakuwepo, na tezi hiyo hutoa vitu vingine zaidi ya projesteroni vinavyousaidia mwili kuizoea mimba. Wanawake wanaopata mimba bila tezi hiyo wameonekana kupata presha ya mimba zaidi kuliko wengine. Hasara yake ni safari: ultrasaundi kila baada ya siku chache, na tarehe ya kurudisha huijui mpaka yai liamue. Kwa anayekaa Upanga, palepale Dar, ni jambo jepesi. Kwa wa Tanga ni kulala Dar wiki nzima au kupanda basi mara tatu. Sioni kosa daktari wako kuchagua vidonge. Nikupe tu mzigo unaoambatana na uchaguzi huo: ukijaliwa, siku ya kwanza ya kliniki ya wajawazito mwambie muuguzi mimba ilipatikana kwa kiinitete kilichogandishwa na mzunguko wa vidonge, ili presha yako iangaliwe kwa makini na suala la aspirini ya dozi ndogo lizungumzwe mapema. Usiinunue mwenyewe.

Kuhusu namna ya kutumia, sitakaa sana. Vidonge vya ukeni hufanya kazi vizuri, na yale mabaki meupe yanayotoka si fangasi, wala usijisafishe ndani kwa maji ya ndimu. Ipo sindano ya misuli, inayouma na kuacha uvimbe takoni lakini haisahauliki. Kipo pia kidonge cha kumeza kiitwacho didrojesteroni. Ukitumia hicho, usishangae kipimo cha projesteroni kwenye damu kikiwa chini, maana kipimo hakikioni. Baadhi ya kliniki hupima projesteroni kwenye damu karibu na siku ya kurudisha na kuongeza dozi ikiwa chini, hasa katika mzunguko kama huu wako. Ni jambo la busara kuuliza. Kama karanga zinakudhuru, liseme hilo kabla, kwa sababu baadhi ya dawa hizi hutengenezwa kwa mafuta yake. Na joto letu la pwani unalijua: soma boksi limeandikwa nyuzi ngapi, na safarini dawa ikae nawe kwenye mkoba, si kwenye buti la basi. Ukisahau dozi, weka mara unapokumbuka. Kama ya pili imekaribia, usiweke mbili kwa pamoja. Safari hii ukikosa zaidi ya moja, pigia kliniki, kwa sababu hakuna tezi ya kukuchangia.

Ramadhani. Kwa upande wa dawa inapangika. Bahati yetu huku pwani mchana na usiku karibu vinalingana, kwa hiyo dozi mbili, moja kabla ya alfajiri na moja baada ya futari, zinakaa mbalimbali vizuri. Ukiandikiwa mara tatu kwa siku, mwombe daktari wako azigawe upya kuwa mbili kwa jumla ileile. Usizigawe mwenyewe. Estrojeni ya kumeza itakaa daku na futari. Kuhusu hukumu, mimi si mwanachuoni. Ninachojua ni kwamba masheikh wengi wa madhehebu yetu ya Shafii hufundisha kwamba kinachoingizwa ukeni kinafunguza, wakati Baraza la Fiqhi la Kimataifa katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997 liliviweka vidonge vya ukeni katika yasiyofunguza. Muulize sheikh wako mapema, na umweleze kwamba daktari amesema dawa hii haiwezi kuachwa hata siku moja. Mgonjwa ana ruhusa ya kulipa siku zake baadaye. Kama utafunga, estrojeni huongeza kidogo hatari ya damu kuganda na ukosefu wa maji huizidisha, kwa hiyo kunywa maji ya kutosha usiku, usitosheke na chai ya daku.

Kwa mama mkwe, nenda kwa adabu. Anakutakia mema, na dawa ya chango katika nyumba nyingi za Tanga ni namna ya mtu mzima kusema nami nimo. Lakini mirija iliyoziba haifunguliwi na mzizi, na tusichokijua kilichomo hatuwezi kujua kitafanya nini kwenye ini linalosafisha homoni zako, au kwenye misuli ya kizazi tunayoitaka itulie. Tangu kidonge cha kwanza cha estrojeni mpaka mimba ikomae miezi mitatu, usinywe, usijifukize, usikandwe tumbo. Kama huwezi kukataa, mwache mume wako amwambie mama yake kwamba daktari amekataza. Lawama nibebeshe mimi.

Mpaka lini? Mwaka jana, kama ingeshika, ungeweza kuacha mapema. Tezi zako zingeamshwa na homoni ya mimba, na kuna madaktari wanaosimamisha dawa mara kipimo kikionyesha mimba, wengine wakiona mapigo ya moyo. Safari hii hapana. Mwanasayansi Arpad Csapo, katika miaka ya 1970, alionyesha kwamba tezi ya manjano ikiondolewa kabla ya wiki ya saba mimba inatoka, na ikiondolewa baada ya kondo la nyuma kushika kazi mimba inabaki. Kondo hushika kazi hiyo taratibu kati ya wiki ya saba na ya tisa. Wewe huna tezi, kwa hiyo tunaongeza ukingo wa usalama: estrojeni na projesteroni huendelea mpaka wiki ya 10 hadi ya 12, kama kliniki yako ilivyopanga. Wiki hizo hazihesabiwi tangu siku ya kurudishiwa. Siku unayorudishiwa kiinitete cha siku tano, wewe tayari unahesabiwa wiki mbili na siku tano. Nunua akiba ya wiki mbili mbele, kwa sababu duka la dawa kuishiwa ni jambo la kawaida, na usibadilishe aina ya dawa kwa ushauri wa muuzaji. Kipimo kikija hakuna mimba, daktari atakwambia uache, na hedhi itakuja ndani ya siku chache, pengine nzito kuliko kawaida.

Kuna mambo ambayo hayangoji simu ya Dar. Maumivu makali ya tumbo la chini upande mmoja, maumivu ya bega yanayokuja pamoja na kizunguzungu, kuzimia, au damu inayojaza pedi kila saa: nenda hospitali ya Bombo moja kwa moja, usiku au mchana, useme "nimepandikiza mimba". Aliyeziba mirija anaweza kupata mimba nje ya kizazi hata kama kiinitete kiliwekwa ndani, na ndiyo maana ultrasaundi ya wiki ya sita hadi ya saba haikwepeki. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana, au kichwa kuuma vibaya na macho kuona giza, nenda vilevile, kwa sababu ya damu kuganda. Hata ukiwa njiani kwenda hospitali, projesteroni usiiache kwa uamuzi wako. Ibebe, umwonyeshe daktari wa zamu boksi lenyewe na ile karatasi yenye siku na saa uliyoanza.